Jinsi ya Kufuatilia Majibu ya Serikali kwa Mapendekezo ya UPR Ukiwa Tanga

Vikundi vinavyoniletea barua zao nizisome kabla hazijapelekwa Jiji vinatoka kila upande: Ngamiani, Makorora, Duga, Tongoni, hata Chongoleani. Juhudi ipo na uchungu upo. Lakini barua zinakwama, na zinakwama pale pale kila mara. Moja inasema Umoja wa Mataifa "umeiagiza" Serikali. Nyingine inasimama juu ya pendekezo ambalo Serikali haikulikubali. Ya tatu imeelekezwa Geneva kuhusu jambo ambalo Afisa Elimu Kata angeweza kulitolea maelezo siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo nimeandika hatua zote, kuanzia kuchagua jambo hadi kurudisha taarifa kule kule mapendekezo yalikotoka.

Kwa ufupi tu, ili twende pamoja. UPR ni mapitio ya haki za binadamu yanayofanywa na Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa. Kila nchi hukaa mbele ya wenzake kwa saa tatu na nusu, wenzake huipa mapendekezo, nayo hujibu pendekezo moja moja. Tanzania ilipitiwa mwaka 2011, ikapitiwa tena 2016, na mara ya tatu tarehe 5 Novemba 2021. Mara hiyo ya tatu ilipewa mapendekezo 252, na matokeo yakapitishwa na Baraza Machi 2022.

Shika neno moja tangu sasa: jibu. Pendekezo ni maneno ya mgeni. Jibu ni maneno ya Serikali yako, na hayo ndiyo unayoweza kuyaweka mezani kwa mtendaji wa kata bila kuonekana umeleta ya watu wa nje.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Ripoti ya kikundi kazi cha UPR kuhusu Tanzania, namba A/HRC/49/13. Humo ndimo mapendekezo yote yalimo.
- Nyongeza yake, namba A/HRC/49/13/Add.1. Humo mna msimamo wa Serikali na majibu yake. Watu wengi hawana hii, na hapo ndipo safari inapoharibika.
- Sheria, waraka au sera ya ndani inayohusu jambo lako.
- Daftari moja gumu kwa kazi hii peke yake, na jalada la kutunzia nakala.
- Watu watatu angalau: mmoja anayesoma Kiingereza vizuri, mmoja anayejulikana na kuheshimika kwenye kata, na mmoja mwenye subira ya kuhesabu.
- Nauli, na fedha ya kutoa nakala na kuchapa.

Nyaraka za Umoja wa Mataifa hutolewa kwa lugha sita, na Kiswahili hakimo. Zipo kwenye tovuti ya Ofisi ya Kamishna Mkuu wa Haki za Binadamu, ukurasa wa UPR, chini ya jina la Tanzania. Kupakua ni bure. Mtu akikuuzia, mkatalie.

## Hatua ya 1: Chagua jambo moja linaloonekana kwa macho

Barua inayodai elimu, maji, ulinzi wa watoto na uhuru wa kukusanyika kwa pamoja haina mtu wa kuijibu. Kila ofisa akiifungua ataona sehemu isiyo yake na kuisukuma mbele.

Chagua jambo ambalo ukitembea kwenye mitaa yenu miwili utaliona. Hapa nitatumia mfano mmoja hadi mwisho: wasichana waliokatiza masomo kwa sababu ya ujauzito, na kurudi kwao shuleni. Ni jambo ambalo nchi kadhaa ziliizungumzia Tanzania mwaka 2021. Pia lina mwisho unaoshikika, kwa sababu tarehe 24 Novemba 2021, siku 19 tu baada ya kikao cha Geneva, Wizara ya Elimu ilitangaza kuwa wanafunzi hao wataruhusiwa kurudi katika shule za kawaida, na Waraka wa Elimu Na. 2 wa 2021 ukatoka.

Umefaulu iwapo unaweza kusema jambo lako kwa sentensi moja kwa mama anayeuza mihogo, naye akakuuliza swali la maana.

## Hatua ya 2: Soma nyaraka zote mbili kwa pamoja

Fungua ripoti ya kikundi kazi. Kurasa za mwanzo zina maelezo ya ujumbe wa Serikali na michango ya nchi. Hizo ni hotuba, zipite haraka. Nenda moja kwa moja sehemu ya hitimisho na mapendekezo. Kila pendekezo lina namba yake, na mwishoni limeandikwa jina la nchi iliyolitoa.

Andika kwenye daftari safu nne: namba ya pendekezo, maneno yake, nchi iliyolitoa, jibu la Serikali. Safu ya nne iache wazi kwanza. Nakili kila pendekezo linalogusa jambo lako, hata kama matano yanafanana. Usichague lile tamu peke yake, maana huenda ndilo ambalo halikukubaliwa na lenzake lenye maneno mapole likawa limekubaliwa.

Kisha fungua nyongeza na ujaze safu ya nne, namba kwa namba.

Onyo. Nchi inayopitiwa ina ruhusa ya kujibu baadhi ya mapendekezo papo hapo na kuomba muda kwa mengine. Yaliyoombewa muda hujibiwa kwa maandishi kabla ya Baraza kupitisha matokeo. Kwa hiyo ripoti ya kwanza peke yake haikuoneshi msimamo wa mwisho. Nimesoma barua iliyodai Serikali "ilikaa kimya" kuhusu jambo lililokuwa limejibiwa kwenye nyongeza. Ofisa aliyeipokea alikuwa na nyongeza hiyo. Kikundi hakikujibiwa tena.

Umefaulu iwapo hakuna mstari kwenye daftari wenye safu ya nne tupu.

## Hatua ya 3: Soma jibu kwa Kiswahili sahihi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kosa la hatua hii ndilo linaloua barua nyingi kuliko mengine yote.

Katika UPR, Serikali haina neno la kukataa. Ina majibu mawili tu. La kwanza kwa Kiingereza huandikwa "supported", yaani pendekezo limeungwa mkono, limekubaliwa. La pili huandikwa "noted". Tazama sasa linavyogeuka likifika kwetu. Wengi hulitafsiri "limezingatiwa". Na kwa Kiswahili, jambo lililozingatiwa ni jambo lililotiwa maanani, lililobebwa kwa uzito. Mama akikwambia "nimeyazingatia maneno yako, mwanangu", unaondoka moyo umetulia.

Huko Geneva maana yake ni kinyume. Ni "tumelisikia, tumeliandika, hatujajifunga nalo". Mimi hutumia maneno "limepokelewa kwa kumbukumbu", na nakusihi utumie hayo au mengine yenye uzito huo huo. Ukimwandikia Mkurugenzi kuwa Serikali "ilizingatia" pendekezo fulani na kwa hiyo inapaswa kulitekeleza, umejenga nyumba juu ya mchanga wa Raskazone. Maji yakijaa, huna kitu.

Mfano ulio wazi ni adhabu ya kifo. Nchi nyingi huiomba Tanzania iifute, na Serikali haijajifunga kuifuta. Anayefuatilia jambo hilo ana njia nyingine za kupita, ikiwemo hukumu ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoketi Arusha, ambayo Novemba 2019 iliona kuwa sheria yetu inayomlazimisha jaji kutoa adhabu hiyo kwa kosa la mauaji inakiuka haki. Hiyo ni njia halali kabisa. Ila si njia ya kusema "mlikubali".

Kuna pia majibu ya nusu. Pendekezo lina sehemu mbili, Serikali inakubali ya kwanza na ya pili inaipokea kwa kumbukumbu. Hapo usinakili pendekezo zima. Nakili sehemu iliyokubaliwa, na useme wazi kuwa ni sehemu. Uaminifu huu mdogo hukupa heshima kubwa kwa msomaji wa upande wa pili.

Jambo la mwisho kwenye hatua hii. Tanzania ni Muungano, lakini si kila sheria ni ya Muungano. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kwa mfano, ni ya Tanzania Bara. Pendekezo linaloitaja halimhusu ndugu yako aliye Pemba, hata kama mnasafiri kwa jahazi moja. Hakikisha unachokishika kinahusu Tanga.

Umefaulu iwapo umeweka alama ya tiki kwenye yaliyokubaliwa, duara kwenye yaliyopokelewa kwa kumbukumbu, na nusu duara kwenye majibu ya nusu, na watu wawili wamepitia daftari lako kila mmoja kwa wakati wake wakakubaliana na alama hizo.

## Hatua ya 4: Pima kitenzi

Rudi kwenye mapendekezo yenye tiki. Tazama neno la kwanza la kila moja.

Pendekezo likianza na "endelea", Serikali inaweza kusema kwa haki kuwa inaendelea. Huna pa kushika sana. Likianza na "fikiria", limetekelezwa siku mtu alipofikiria. "Imarisha" na "ongeza juhudi" yana nafuu, kwa sababu unaweza kuuliza: zimeongezeka kutoka wapi hadi wapi? Yenye nguvu ni yale yanayotaja kitendo chenye mwisho, kama vile tunga sheria, rekebisha kifungu, ridhia mkataba, toa mwongozo kwa shule.

Panga yako kuanzia lenye nguvu hadi dhaifu. Barua ijengwe juu ya moja au mawili ya juu. Mengine yabaki kwenye daftari kama akiba.

## Hatua ya 5: Tafuta mlango sahihi

Ofisi inayoratibu majibu ya Serikali kwa UPR ni Wizara ya Katiba na Sheria, Dodoma. Kuratibu si kutekeleza. Anayetekeleza ni yule mwenye shule, zahanati, kituo cha polisi au kifungu cha sheria.

Jiulize swali moja: ili jambo hili libadilike, ni nani anapaswa kusaini?

Kwa ndoa za utotoni kwa mujibu wa sheria, mwenye kusaini hayuko Tanga. Vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa vilisemwa na Mahakama Kuu mwaka 2016 kuwa vinakwenda kinyume na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikaunga mkono uamuzi huo Oktoba 2019. Kurekebisha sheria ni kazi ya Bunge. Ukimwandikia Mkurugenzi wa Jiji abadilishe umri wa kuolewa, unampotezea muda na kujichosha. Barua hiyo mwandikie mbunge wenu, na nakala kwa Wizara.

Kwa mfano wetu wa kurudi shuleni, mlango uko karibu. Sera ni ya Wizara ya Elimu, shule ziko chini ya TAMISEMI, na kwa Tanga msimamizi ni Mkurugenzi wa Jiji kupitia maofisa elimu wake. Kwenye kata yuko Afisa Elimu Kata. Kuhusu ulinzi wa msichana mwenyewe, wapo Afisa Maendeleo ya Jamii, Afisa Ustawi wa Jamii na, inapobidi, Dawati la Jinsia na Watoto la polisi.

Chora ngazi hiyo kwenye daftari, kuanzia chini. Hutaruka ngazi isipokuwa ya chini imekataa kwa maandishi au imekaa kimya baada ya muda wake.

## Hatua ya 6: Kusanya ushahidi wa kata yenu

Hii ndiyo hatua inayochukua wiki, na ndiyo inayoifanya barua isomwe. Ofisa wa Jiji anaweza kuwa hajawahi kusikia habari za UPR. Lakini akisoma kuwa kwenye kata fulani shule moja inawapokea wasichana na ya jirani inawaambia waende kwanza Jiji wakapate kibali, atanyanyua simu.

Anza kwa adabu. Kwetu pwani kazi yoyote huanza kwa salamu, na anayeingia ofisini na karatasi mbele kabla ya shikamoo ameshaharibu. Mtendaji wa mtaa aambiwe kwanza mnachofanya na kwa nini. Si kwa kuomba ruhusa ya kuuliza tu, bali ili asisikie habari zenu barabarani.

Kisha andaa maswali machache ambayo jibu lake ni namba au ndiyo na hapana. Kwa mfano wetu: je, shule imepokea waraka? Wangapi wamerudi tangu uanze kutumika? Wangapi waliomba wakakosa, na waliambiwa sababu gani? Mwalimu wa malezi amepewa maelekezo? Michango gani inadaiwa kabla ya kupokelewa?

Waulize walimu wakuu, na uwaulize wazazi. Majibu yakitofautiana, yaandike yote mawili. Usichague upande wakati wa kukusanya.

Sasa maonyo, nayasema kwa moyo wangu wote.

Usiandike jina la msichana yeyote, wala mtaa na umri kwa pamoja kiasi cha kumtambulisha. Tanga ni mji wa watu wanaojuana. Ukiandika "binti wa miaka 16, Barabara ya Kumi na Mbili, baba yake fundi cherehani", umemtaja. Andika "msichana A, kata hii, sekondari". Karatasi yenye majina ya kweli, kama lazima iwepo, ikae kwa mtu mmoja ndani ya kabati lenye kufuli.

Usimpige picha. Usimrekodi. Usimwahidi kuwa atarudi shule wiki ijayo.

Na hesabu zenu msiziite takwimu rasmi. Takwimu rasmi zina sheria yake na ofisi yake. Semeni "kwa kaya na shule tulizotembelea", na mtaje ni ngapi. Hesabu ndogo ya kweli ina nguvu kuliko asilimia kubwa isiyo na mama wala baba.

Umefaulu iwapo mtu asiyekupenda akisoma jedwali lako atabishana na maana yake, lakini hataweza kubishana na namba zake.

## Hatua ya 7: Andika barua ya ukurasa mmoja

Barua yenye kurasa nne hupelekwa kwa mwanasheria. Ya ukurasa mmoja hupelekwa kwa mhusika. Jedwali lenu liwe kiambatisho.

Hapa pana kielelezo. Badilisheni maneno yaendane na jambo lenu:

> Kikundi cha ………, S.L.P. ………, Tanga.
> Tarehe ………
>
> Mkurugenzi wa Jiji,
> Halmashauri ya Jiji la Tanga.
>
> Kupitia kwa: Afisa Mtendaji wa Kata, Kata ya ………
>
> YAH: KUOMBA TAARIFA ZA UTEKELEZAJI WA WARAKA WA ELIMU NA. 2 WA 2021 KATIKA KATA YA ………
>
> Husika na somo tajwa hapo juu.
>
> Serikali ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, katika majibu yake kwa Baraza la Haki za Binadamu (hati A/HRC/49/13/Add.1), ilikubali pendekezo namba ……… linalohusu ………. Waraka wa Elimu Na. 2 wa 2021 umeweka utaratibu wa jambo hilo shuleni.
>
> Kati ya tarehe ……… na ……… kikundi chetu kilitembelea shule ……… na kaya ……… katika kata hii. Tulichokiona kimeambatishwa.
>
> Kwa heshima tunaomba kujulishwa: (1) shule zipi za kata hii zimepokea waraka huo; (2) idadi ya wanafunzi waliorejea tangu uanze kutumika; (3) ofisa yupi mzazi amwone endapo mtoto wake hajapokelewa.
>
> Maombi haya yanafanywa kwa mujibu wa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016.
>
> Tunashukuru kwa ushirikiano wako.
>
> Majina, saini na simu za viongozi watatu.
>
> Nakala: Mheshimiwa Diwani, Kata ya ………, Afisa Elimu Kata.

Tazama mambo matatu ndani ya barua hiyo. Haikusema popote kwamba Serikali imeshindwa. Haikusema Umoja wa Mataifa umeagiza, kwa sababu haukuagiza, nchi nyingine zilipendekeza na Serikali yetu ikakubali. Na swali la tatu linaweza kujibiwa hata na ofisa mwenye shughuli nyingi kwa sentensi moja. Liwekeni kila mara swali la namna hiyo. Likijibiwa hilo peke yake, mzazi mmoja tayari ana pa kwenda.

Onyo. Mkiandika namba ya pendekezo, ihakikisheni mara mbili kwenye hati yenyewe. Msiinakili kutoka kwenye kundi la WhatsApp.

## Hatua ya 8: Ipeleke, igongwe mhuri, hesabu siku

Chapeni nakala nne. Pitieni kwa mtendaji wa kata aweke maoni yake na saini. Kisha pelekeni masjala ya Jiji. Moja ibaki huko, moja igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe na irudi nanyi, ya tatu kwa diwani, ya nne kwa Afisa Elimu Kata. Msimkabidhi mtu barua kwenye korido kwa sababu mnafahamiana. Barua isiyo na mhuri haikufika.

Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa humpa mwananchi haki ya kuomba taarifa kwa taasisi ya umma, na taasisi inapaswa kujibu ndani ya siku 30. Andikeni siku ya thelathini kwenye kalenda ya ukutani. Siku ya kumi na tano mmoja wenu apite kuulizia kwa upole jalada limefika kwa nani. Ajue jina la cheo, aandike kwenye daftari.

Siku 30 zikipita kimya, andikeni barua ya kukumbushia, aya mbili, mkiambatisha nakala yenye mhuri. Ikikataliwa, ombeni sababu kwa maandishi, kisha mwombeni mkuu wa taasisi auangalie upya uamuzi huo. Baada ya hapo ngazi mliyochora hatua ya tano inafunguka: Mkoa, TAMISEMI, Wizara. Na kama kuna msichana halisi ambaye haki yake imevunjwa, mlango wa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora uko wazi kupokea malalamiko, bila kungoja siku hizo ziishe.

Umefaulu iwapo mmepata jibu lolote la maandishi. Hata jibu la "taarifa hizo hazijakusanywa" ni ushindi, maana sasa mnalo kwa mhuri kwamba hazijakusanywa.

## Hatua ya 9: Ingiza jambo kwenye kikao na kwenye bajeti

Jibu la barua linawekwa kwenye jalada. Uamuzi wa kikao unawekwa kwenye muhtasari, na muhtasari una mfuatiliaji.

Anzeni na mkutano wa mtaa. Mmoja wenu asimame, aseme kwa dakika tatu, aombe jambo liandikwe kwenye muhtasari ili lipande Kamati ya Maendeleo ya Kata. Kamati hiyo mwenyekiti wake ni diwani na katibu wake ni mtendaji wa kata, yaani watu wawili ambao tayari wameiona barua yenu. Sasa mnaona kwa nini niliwaambia mpite kwao.

Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai 1. Mipango ya mitaa na kata huandaliwa miezi mingi kabla, wakati kaskazi ikianza kuvuma. Mkienda Mei kuomba kifungu, mmechelewa mwaka mzima. Ombeni kitu kidogo chenye jina: nauli ya Afisa Ustawi wa Jamii kuzitembelea shule za kata kila muhula, au kikao kimoja cha walimu wa malezi. Kitu kidogo kikishaingia kwenye bajeti, mwakani kinaulizwa kimefanyikaje.

## Hatua ya 10: Rudisha taarifa kule mapendekezo yalikotoka

Mzunguko wa nne wa UPR ulianza Novemba 2022, na kila nchi ina zamu yake. Tazameni kalenda kwenye tovuti ile ile mliyopakulia hati. Tarehe ya mwisho ya kupokea taarifa za wadau huja miezi mingi kabla ya kikao chenyewe, kwa hiyo iandikeni kwanza, kikao baadaye.

Kikundi chochote kinaweza kupeleka taarifa. Hakihitaji hadhi maalumu ya Umoja wa Mataifa kwa hilo. Hadhi hiyo inahitajika kwa shirika linalotaka kuzungumza Barazani wakati matokeo yanapitishwa. Taarifa ya kikundi kimoja isizidi maneno 2,815. Taarifa ya pamoja ya vikundi kadhaa inaruhusiwa hadi maneno 5,630. Iwe kwa mojawapo ya lugha za Umoja wa Mataifa, ambapo Kiingereza, Kifaransa na Kihispania hupendelewa, na hupelekwa kwa mtandao.

Ushauri wangu: msiende peke yenu. Vikundi vinne vya Tanga vyenye majedwali ya namna moja, vikiungana na shirika la kitaifa lenye uzoefu wa kuandika taarifa hizi, husikika mbali zaidi. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na Mtandao wa Watetezi wa Haki za Binadamu Tanzania wameifanya kazi hii. Waandikieni mapema, miezi sita kabla ya tarehe ya mwisho, mkiambatisha jedwali na barua yenye mhuri.

Ndani ya taarifa fuateni mpangilio huu: pendekezo namba fulani la 2021, jibu la Serikali, kilichofanyika, kilichobaki, na pendekezo jipya mnaloliomba. Kilichofanyika kisemwe kwa ukamilifu. Waraka ulitoka, semeni ulitoka. Shule iliyowapokea wasichana vizuri itajwe kwa sifa. Na pendekezo jipya liandikwe kwa kitenzi chenye mwisho, kama tulivyopima hatua ya nne, ili nchi itakayolichukua ilisome kama lilivyo.

Kabla hamjatuma, someni taarifa yote kwa sauti mkiwa barazani, kwa Kiswahili, mbele ya wazazi waliowapa habari. Mzazi akisema "hapo sivyo nilivyosema", rekebisheni.

Umefaulu iwapo muhtasari wa taarifa za wadau ukitoka, mnakuta kwenye tanbihi jina la umoja wenu. Chapeni ukurasa huo nakala tatu: moja kwa mtendaji wa kata, moja kwa diwani, ya tatu kwenye jalada, juu ya ile barua ya kwanza yenye mhuri.